Alipima kwa Masikio Yake

"Kaka, usisogee! Umekanyaga sikio langu."

Fundi aliganda, mguu mmoja chini, mwingine hewani, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Ilikuwa mchana, na duka la vifaa vya simu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nje jenereta ilinguruma. Ndani muuzaji aligombana na mteja kuhusu chaja iliyokataa kuchaji, na redio iliimba juu ya kabati bila mtu wa kuisikiliza. Katikati ya vurugu hiyo mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa, gauni lake la zambarau amelikusanya mkononi lisiguse sakafu, kitambaa cha kichwa cha manjano kimeegemea upande mmoja kwa madaha.

"Sikio?" Fundi aliuliza.

"Betri yake. Ndogo kama kifungo cha shati la mtoto. Imeniponyoka, ikabingirika, ikakuchagua wewe. Inua kiatu taratibu."

Akainua. Betri ilikuwa imenasa kwenye soli. Mwanamke akaibandua, akaipangusa, akaifungia ndani ya kifaa kidogo cha kahawia, kisha akakivaa nyuma ya sikio. Alifumba macho. Alipoyafumbua, uso wote uliamka, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

"Haya, sasa nakusikia. Mwanzo nilikuwa nakusoma midomo. Una midomo inayosomeka vizuri, hongera."

Fundi, mtu mzima mwenye mvi za hapa na pale kidevuni, alijikuta anajipapasa midomo mbele za watu. Mama mmoja kwenye foleni akaangua kicheko.

"Hicho kifaa umekipata kliniki ya masikio, ile ya ghorofani?" Fundi aliuliza, ili apate la kusema.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Nafanya kazi pale. Programu inayoingiza vipimo kwenye hicho kifaa chako, mimi ndiye ninayeihamisha."

"Unaihamisha? Kwani imeshindwa kulipa kodi ya nyumba?"

Fundi alicheka mpaka akasahau alichofuata dukani. Walitoka pamoja, wakaketi kwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara, na chai ikapoa mbele yao bila kuguswa.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi akitaka kumtania. Homa ya utotoni ilimpunguzia usikivu. Sauti nzito alizipata kidogo, sauti nyembamba hakuzipata kabisa bila kifaa, na kazi yake yote ilikuwa ya sauti nyembamba. Fundi naye aliitwa hivyo kwa sababu ya miaka aliyovuta nyaya za umeme kwenye nyumba za watu. Kisha, katika umri ambao wenzake walikuwa wakitoka kazini na kunyoosha miguu, aliingia masomo ya jioni ya kompyuta. Aliketi benchi la mbele na miwani yake, vijana wakamwita Mjomba, naye akavumilia mpaka akahitimu. Kila asubuhi kabla ya kugusa kibodi aliweka viganja mezani akamwomba Mungu asimwache aharibu kitu cha mtu.

"Sasa nieleze hiyo kazi yako," Mwalimu alisema. "Lakini nieleze kama mtoto wa miaka minne. Hao ndio ninaowaelewa."

"Kompyuta haijui herufi," Fundi alianza, akisogeza kikombe pembeni. "Inajua namba tu. Namba moja ndogo, kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano, tunaiita baiti. Ukitaka maandishi, lazima kwanza mkubaliane: namba hii isimame badala ya herufi hii, ile badala ya ile. Pasipo makubaliano ni namba tupu."

"Na sikio langu?"

"Sikio lako ni namba tupu. Sauti hii iongezwe kiasi hiki, ile kiasi kile. Hakuna herufi hapo. Sasa, programu ya kliniki iliandikwa zamani, kwa toleo la zamani la lugha yetu ya kuandikia programu. Toleo lile halikutofautisha. Maandishi na namba tupu vyote liliviweka kapu moja. Toleo jipya limekuwa kali. Ukichanganya viwili hivyo, linasimama katikati ya njia na kulalamika. Na toleo la zamani halitunzwi tena na mtu yeyote, kwa hiyo lazima tuhame."

Mwalimu alifikiri kidogo, kidole shavuni.

"Ni kama watoto wangu. Wakianza shule, kila mwanamke kwao ni mama. Mimi mama, mpishi mama, mkaguzi wa elimu naye mama. Baadaye wanajifunza kwamba huyu ni mwalimu na yule ni mpishi, na hapo unaona wamekua."

Fundi alimtazama. Jambo hilo lilimchukua yeye muda mrefu darasani, tena kwa kuumwa kichwa. Mwanamke huyu alikuwa amelimeza na kulirudisha likiwa na nguo mpya, huku akikoroga chai ya baridi.

Wakabadilishana namba za simu.

Tangu siku hiyo, kila jioni simu ya Fundi iliita, au yeye ndiye aliyepiga.

"Mwalimu."

"Fundi wangu. Leo programu imelalamika?"

"Imelalamika hadi nimeionea huruma. Na wewe, leo wameng'atana?"

"Wawili tu. Mmoja anasema mwenzake alimwazima mkono auonje."

Fundi alicheka peke yake sebuleni, na dada yake mkubwa, ambaye aliishi naye, akainua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa akipiga pasi, akatikisa kichwa, akaendelea.

"Unajua kwa nini napenda simu yako?" Mwalimu aliuliza jioni nyingine.

"Sema, kipenzi."

"Watu wakijua navaa kifaa, wengine wananipigia kelele kama wananiita ng'ambo ya mto. Wengine wanachoka, wananiambia 'basi, achana nayo.' Wewe unaongea tu. Taratibu, kama mtu anayemimina maziwa."

"Ni woga huo. Nikiongea haraka nitaropoka."

"Utaropoka nini?"

"Nitakuambia kesho."

"Kesho, kesho! Wewe mwanamume unaishi kesho, sisi wengine tuko leo tunakusubiri!"

Walionana kila Jumamosi. Mwalimu alikuja na gauni la kijani lenye vifungo vya mbao, au la bluu lililombana kiunoni, na daima kitambaa kile kimeegemea upande mmoja. Fundi alijifunza kutembea upande wa sikio lenye kifaa, kumgeukia uso anapoongea, na kutokuweka kiganja mdomoni. Hakuambiwa hayo; aliyaona mwenyewe, na Mwalimu aliona kwamba ameyaona. Moyoni Fundi alishamchagua. Kilichobaki ni kulitamka neno, na kila alipolifungua kinywani liligeuka likawa habari za hali ya hewa.

Wakati huo huo kazi ilikuwa ikienda. Kila mahali toleo jipya lilipolalamika kwamba amechanganya namba tupu na maandishi, Fundi alitafuta njia ya kulinyamazisha. Akapata moja iliyofanya kazi kila mahali. Vipimo vikiingia, avigeuze vyote kuwa maandishi. Vikitoka kwenda kwenye kifaa, avigeuze tena kuwa namba. Malalamiko yakaisha. Programu ikakimbia kama gari lililotiwa mafuta mapya.

Akaijaribu. Alipima masikio yake mwenyewe, akaingiza vipimo vyake kwenye kifaa cha majaribio: alama ya kijani. Akaomba vipimo vya Daktari, mama mkuu wa kliniki: kijani. Vya dada wa mapokezi: kijani. Vya mlinzi wa mlangoni: kijani, tena mlinzi akaomba apigwe picha na skrini.

"Umetutoa mbali, Fundi," Daktari alisema, akimpa mkono. "Jumatatu ijayo tuanze kuwahamisha wagonjwa wote. Lakini kwanza tumpate mmoja wa kutangulia."

Mwalimu aliposikia kwenye simu hakumwacha amalize. "Nianze mimi. Kama ni mkono wako, nauamini."

Alikuja Jumanne baada ya kazi, na gauni lile la zambarau. Daktari alikuwa ameitwa mkutanoni, hivyo walikuwa wawili tu katika chumba cha vipimo, na kuta zake za sifongo zilizomeza mwangwi. Fundi akaunganisha waya, akabonyeza. Kijani. Akamvisha kifaa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayemvisha taji.

Mwalimu alisikiliza. Alikunja uso.

"Kuna kitu hakiko sawa."

"Wapi?"

"Sauti nzito nazipata. Nyembamba zinakwaruza, kama mtu anaburuta bati. Na nyingine sizipati kabisa. Hebu piga hiyo kengele ya mezani."

Fundi akapiga.

"Umepiga?"

"Nimepiga." Akageukia skrini. Alama ilikuwa pale pale, ya kijani, tulivu. Akapitia tena. Hapakuwa na lalamiko hata moja. "Mwalimu, programu iko sawa. Imepita majaribio yote. Labda masikio yanahitaji kuzoea."

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye kengele.

"Labda masikio," Mwalimu alirudia polepole.

"Si hivyo, ninamaanisha..."

"Nimesikia. Hilo nimelisikia vizuri sana." Alikivua kifaa, akakiweka mezani bila kishindo. "Nikiwa darasa la pili nilimwambia mwalimu sisikii, akasema mimi mvivu. Nyumbani wakasema najitia. Kila mahali nilipokwenda na masikio haya, kulikuwa na mtu anayeyajua kuliko mimi. Sikujua nawe umo. Umeiuliza kompyuta, Fundi, ikakujibu, ukaridhika. Mimi nimekaa mbele yako hapa, na hukuniuliza."

"Subiri basi, nikurudishie vya zamani..."

Lakini kompyuta yenye programu ya zamani ilikuwa imeshafungwa ndani ya boksi, na yeye alikuwa ameshafika mlangoni. Visigino vyake vikagonga ngazi, vikashuka, vikapotea mtaani.

Jioni hiyo Fundi alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena kesho yake. Mwishowe ukaja ujumbe mmoja wa maandishi: *Nimevaa kifaa changu cha zamani kilichokuwa kabatini, hakisikii simu. Na kwa nini nimekivaa, wewe unajua.*

Aliusoma akiwa amesimama jikoni, kijiko mkononi.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?" dada yake aliuliza kutoka kwenye meza ya pasi.

"Sijamfanya kitu, Dada. Yeye ndiye haiamini kazi yangu. Nimesoma kwa jasho, unajua mwenyewe. Nimechekwa na watoto niliowazidi umri mara mbili. Leo nimefanya kitu kikafanya kazi, watu wote wameona, na yeye mmoja anasema kimeharibika."

"Na nani amesema hukusoma?"

"Hakuna."

"Basi acha kujitetea kwa kosa ambalo hujashtakiwa." Akageuza shati upande wa pili, mvuke ukampanda usoni. "Mtu akikuambia kiatu kinambana, wewe unamvua kiatu, au unakwenda kusoma namba iliyoandikwa chini ya soli?"

Fundi alikigeuzageuza kijiko.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu."

"Namvua kiatu."

"Haya. Na usinisimamie hapo na hicho kijiko, unanitia kizunguzungu."

Daktari naye, aliposikia lalamiko lile, alimpigia Mwalimu, akamtumia na ujumbe aje apimwe upya. Hakuja. Daktari akadhani ameshikwa na kazi za shule, na maandalizi ya Jumatatu yakaendelea. Orodha ya wagonjwa ikabandikwa mapokezi. Kadiri siku ilivyosogea, ndivyo usingizi ulivyomwepa Fundi. Jambo lilikuwa rahisi, naye alilijua. Kama Mwalimu amekosea, atakuwa amempoteza kwa ubishi wa bure. Kama Mwalimu amesema kweli, basi Jumatatu kila mwenye sikio kama lake ataondoka pale na makwaruzo, na Mwalimu hatakuwa na sababu yoyote ya kumtazama tena usoni.

Jumamosi mchana, saa ambayo kwa kawaida wangekuwa wanatembea pamoja, alikwenda kliniki peke yake. Mlinzi alimfungulia. Fundi akaingia chumba cha vipimo, akapiga magoti kwenye zulia, paji la uso likaegemea ukingo wa kiti alichokuwa amekalia Mwalimu.

"Ee Mungu," alisema, "mimi nilikuomba akili, ukanipa. Sikukuomba masikio. Leo nakuomba hayo. Nisaidie nimsikie kama alivyosema, neno kwa neno, bila kumjibu."

Maneno ya Mwalimu yakamrudia. Nzito nazipata. Nyembamba zinakwaruza. Nyingine sizipati kabisa. Hakuyabishia. Akayaacha yapite, na yalipopita yaliacha swali moja nyuma yao: wale wengine waliokuwa kijani walikuwa ni akina nani?

Yeye. Daktari. Dada wa mapokezi. Mlinzi, ambaye alisikia paka akitembea juu ya ukuta.

Fundi aliinuka, magoti yakalia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na tatizo la kusikia! Alikuwa ametengeneza programu ya wasiosikia, kisha akaipima kwa masikio yake na ya wenzake wanaosikia.

Akaketi mbele ya kompyuta, akafungua vipimo vya Mwalimu. Safari hii hakuangalia alama ya rangi. Aliiambia programu imwonyeshe kifurushi chenyewe kinachotumwa kwenye kifaa, namba kwa namba, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Kisha akakipanga kando ya kile kilichopaswa kutumwa.

Namba za mwanzo zilifanana. Nzito, ndogo, hazina neno. Halafu ikaja ya kwanza iliyovuka mia moja ishirini na saba, na pale pale ilikuwa imegeuka mbili. Iliyofuata nayo mbili. Kifurushi kilikuwa kimevimba. Kwa kuwa kifaa kilihesabu nafasi zake kwa mpangilio, kila namba iliyofuata ilikuwa imesukumwa ikakaa kwenye kiti cha mwenzake, na zile za mwisho kabisa, za sauti nyembamba kuliko zote, zilikuwa zimebaki nje ya mlango.

Aliona sasa. Yale makubaliano ya herufi aliyoyatumia wakati wa kutoa yaliacha namba ndogo zipite kama zilivyo, lakini kila namba kubwa yaliiandika kwa baiti mbili. Kwa maandishi ni sawa kabisa. Lakini vipimo vya Mwalimu havikuwa maandishi, na havikuwahi kuwa. Mtu anayesikia vizuri hahitaji namba kubwa, kwa hiyo kwa wanaosikia kosa halikuonekana kamwe. Lilikuwa linawangoja wale tu waliohitaji msaada mkubwa zaidi. Na yule mwanamke, bila skrini wala kibodi, alikuwa amemweleza hali ilivyo tangu dakika ya kwanza.

Fundi alifunika uso kwa viganja. Kisha akampigia Daktari.

"Daktari, Jumatatu tusihamishe mtu."

"Kwa nini tena? Si vyote vilikuwa kijani?"

"Vilikuwa kijani kwa sababu vilikuwa vyetu. Sisi tunaosikia. Kwa wenye namba kubwa programu inaharibu vipimo. Kosa ni langu."

"Na yule mwalimu?"

"Alisema kweli."

"Ashukuriwe Mungu amelisema kabla ya Jumatatu. Rekebisha, Fundi. Mimi nitampigia tena nimwombe radhi."

"Hilo niachie mimi, Daktari. Tafadhali."

Kurekebisha hakukuwa kazi ndefu. Ilikuwa kazi ya unyenyekevu. Aliondoa ile njia yake moja ya kunyamazisha malalamiko, yakarudi yote, naye safari hii akayasikiliza moja moja. Hapa ni jina la mgonjwa: hayo ni maandishi, yageuzwe kuwa maandishi. Hapa ni vipimo vya sikio: hizo ni baiti, ziingie baiti, zipite baiti, zitoke baiti, mtu asiziguse njiani. Toleo jipya lilikuwa likimuuliza swali la haki kila mara, na yeye alikuwa akiliziba mdomo. Alipomaliza, akaingiza vipimo vya Mwalimu. Namba zilitoka kama zilivyoingia.

Jumatatu mchana alisimama nje ya chekechea, shati jeupe limenyooshwa na dada yake mpaka mikunjo ingeweza kukata kidole. Wazazi walichukua watoto wao, ua ukapungua kelele. Mwalimu alikuwa anakusanya viti vidogo barazani, gauni la kijani lina vumbi la chaki kiunoni, na nyuma ya sikio kile kifaa cha zamani, kikubwa, kilichokwaruzika. Alipomwona hakuacha kukusanya viti.

Fundi hakumwita, kwa kuwa alijua hatasikia. Alizunguka akasimama mbele yake, mahali penye mwanga, uso wake uonekane.

"Umekuja kuniambia imepona?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekuja kukuambia kwamba ulisema kweli na sikukuamini."

Mwalimu aliweka kiti chini.

Fundi akamweleza yote, taratibu, kama anayemimina maziwa. Namba ndogo na namba kubwa. Akina nani aliowapima na nani hakumpima. Hakujitetea hata kwa neno moja, na alipofika mahali pa mlinzi, kona ya mdomo wa Mwalimu ilitikisika kidogo, lakini akaizuia.

"Kwa hiyo ninyi mnaosikia mlipata haki yenu," alisema, "sisi tukapewa bati."

"Ndiyo."

"Na hukukusudia."

"Sikukusudia. Lakini ulinieleza, nikakuambia ni masikio yako. Hilo nilikusudia, na ndilo linaloniuma."

Macho ya Mwalimu yakajaa maji. Aligeuka, akavipanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hakuna aliyewahi kurudi," alisema, mgongo kwake. "Unanielewa? Tangu utotoni. Watu wanasema 'labda masikio yako,' na wanaendelea na maisha yao. Hakuna aliyerudi kuniambia nilikuwa sahihi." Akajipangusa kwa mkono wenye chaki, ikabaki alama nyeupe shavuni. Kisha akageuka. "Nani mwingine ana namba kubwa kama zangu?"

"Wengi. Yuko mzee mmoja, zake zimepita zako."

"Basi naye aje siku nitakayokuja kujaribu. Kwangu ikiwa sawa na kwake mbaya, sitavaa."

Fundi alimtazama, chaki shavuni, kitambaa kimeegemea upande, akaona kwamba hajawahi kumwona mtu mzuri kiasi kile.

Siku ya pili yake chumba cha mapokezi kilijaa. Mzee alifika wa kwanza, koti la suti, fimbo, na sauti ya mtu asiyejua anapiga kelele. "MIMI WA KWANZA! HUYU BINTI ATANISUBIRI, SIVYO BINTI?"

"Tangulia, Babu," Mwalimu alisema kwa ishara, akicheka.

Fundi akamhudumia. Alipobonyeza, aliigeuza skrini ukutani, akaketi mbele ya Mzee, akauliza, "Babu, unasikia nini?"

Mzee alitulia. Akainua kidole. "Feni," alisema, na sauti yake ikashuka yenyewe mpaka ikawa ya kawaida. "Ile feni ina tatizo. Inalia kama kipanga. Mmekaa nayo hivyo siku zote hizi?" Alitoka akajikalisha mapokezi, akaanza kusikiliza kila kitu, mpaka dada wa mapokezi alipogeuza karatasi akamwambia, "Hiyo nimeisikia, mama."

Mwalimu akaingia. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Fundi akamvisha kifaa, skrini bado imeelekea ukutani.

"Unasikia nini, Mwalimu?"

Alifumba macho.

"Kengele hebu."

Akaigusa kidogo tu.

"Hiyo." Akatabasamu, macho bado amefumba. "Na mkanda wa saa yako unagonga meza. Na kuna watoto wanacheza huko chini mtaani, mmoja anadanganya kwenye mchezo. Hakuna bati." Akafumbua macho. "Mbona unapumua hivyo, Fundi? Nayo naisikia."

"Nina neno," Fundi alisema. "Nimelibeba siku nyingi."

"Lile la kesho?"

"Hilo hilo. Nataka nikuoe." Lilitoka dogo, kama sauti ya mtu aliye chini ya blanketi.

Mwalimu akaegemeza kichwa. "Sijasikia."

"Nimesema nataka nikuoe, mpenzi."

"Bado. Labda ile programu yako..."

"NATAKA NIKUOE!" Fundi alipaza sauti, na kuta za sifongo zikashindwa kuimeza yote.

"Jamani!" ilijibu sauti ya Mzee kutoka mapokezi. "Hata mimi nimesikia!"

Watu walicheka kule nje, dada wa mapokezi akapiga vigelegele, Daktari akachungulia mlangoni na kalamu mkononi. Fundi alitamani sakafu ifunguke. Mwalimu alikuwa anacheka huku machozi yakimtiririka. Akamvuta kwa kola ya shati, akamsogezea mdomo sikioni, akanong'ona neno moja ambalo Fundi peke yake alilipata.

"Binti amejibu nini?" Mzee aliuliza kule nje, kwa wasiwasi wa kweli. "Mbona hiyo sijaisikia? Fundi! Kifaa kimeharibika!"

Mwalimu akainuka, akanyoosha gauni, akaenda kusimama mlangoni mbele ya wote.

"Kifaa ni kizima, Babu," alisema, kwa sauti ile anayoitia darasa zima kutoka uwanjani. "Nimesema ndiyo!"

Mzee akaegemea kiti, mikono juu ya fimbo, ameridhika.

"Hiyo imefika."